Maktaba ya C (libhesabu.so) ipo kwenye folda ileile, mbona programu haiioni?

Ndugu, amri yako ya kujenga, gcc -shared -fPIC -o libhesabu.so hesabu.c, haina tatizo. Usiiguse. Programu inakompaili, halafu ukiiwasha inadai libhesabu.so haipo, kwa sababu -L. (tafuta maktaba kwenye folda hii) inamsaidia kiunganishi (linker) tu wakati wa kujenga. Ukishaiwasha, kazi inahamia kwa kipakiaji cha Linux, ld.so, na huyo hatafuti kwenye folda uliyosimama. Anaangalia njia zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe, LD_LIBRARY_PATH (kigeu cha mazingira chenye folda za maktaba), orodha ya maktaba inayotengenezwa na ldconfig, na folda za mfumo kama /lib na /usr/lib.

Jenga programu upya hivi (mauzo ndiyo programu, -rpath inaandika njia ndani yake):

gcc -o mauzo mauzo.c -L. -lhesabu -Wl,-rpath,'$ORIGIN'

$ORIGIN ni folda ilimo programu, kwa hiyo ukihamisha programu na maktaba pamoja bado vitaonana. Hizo alama za nukuu moja usizisahau: bila hizo sheli inaimeza $ORIGIN na njia inabaki tupu. Hakikisha kwa ldd ./mauzo, inayoonyesha maktaba za programu na zilipopatikana: mbele ya libhesabu.so itokee njia kamili.

LD_LIBRARY_PATH ni nzuri kwa kujaribu, ila tafadhali usimkabidhi mteja programu inayoitegemea. Siku akifungua terminali nyingine, imekwama.

Ukija kutumia dlopen (kupakia maktaba programu ikiwa tayari inaendeshwa), andika "./libhesabu.so" yenye mkwaju (/), bila mkwaju itatafuta kulekule kwa ld.so. Ikirudisha NULL, chapisha dlerror() palepale, inataja kilichokosekana kwa jina.