Sikio Halifunui Kurasa: Maoni ya Msikilizaji wa Vitabu vya Sauti

Nilianza kusikiliza vitabu kwa sababu ya macho ya mama yangu, wala si yangu. Mama alikuwa mtu wa kitabu kila usiku, na presha ya macho ilipomfikisha mahali pa kuziona herufi kama vumbi lililomwagika juu ya karatasi, nilimpakulia kwenye simu riwaya ya sauti yenye urefu wa saa 11, nikamwonyesha mahali pa kugusa ili ianze na isimame, nikaenda zangu. Niliporudi siku tatu baadaye alikuwa ameimaliza, naye alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, msomaji aliwasemesha wanawake wote wa humo ndani kama watu wenye mafua. La pili, kila aliposinzia kitabu hakikumngoja, bali kiliendelea na safari yake, naye akizinduka anakuta watu wameshaoana na wengine wameshazikwa. Nimesikiliza vitabu vingi tangu siku hiyo, na kila ushauri nilio nao umetokana na malalamiko hayo mawili.

Jicho likipitiwa hurudi juu ya ukurasa lenyewe, mara nyingi bila hata mwenyewe kujua, ilhali sikio haliwezi. Kilichosemwa kimeshasemwa, na kukirudia kunahitaji mkono, kitufe na kumbukumbu ya mahali ulipoishia. Watu waliokuwa wa kwanza kuhudumiwa na vitabu hivi walilijua hilo na kulivumilia, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine: Maktaba ya Bunge ya Marekani ilianza kuwapelekea wasomaji wasioona santuri za vitabu mwaka 1934, Uingereza nayo ikafuata mwaka 1935, na riwaya moja ilijaza rundo zima la santuri ambazo msikilizaji alilazimika kuinuka na kuzigeuza moja baada ya nyingine. Aliyesikiliza namna hiyo aliketi mbele ya kitabu chake. Sisi wengine tuliingia baadaye kupitia kaseti, pale kampuni kama Books on Tape, iliyoanzishwa mwaka 1975, zilipowaona watu wanaoshinda barabarani ndani ya magari yao, na tangu hapo tumezoea kukipa kitabu nusu ya akili zetu kisha kulalamika kwamba hatukukielewa.

Kwa hiyo ninapoulizwa na mtu mzima aanze na kitabu gani, humuuliza kwanza atakisikiliza akiwa anafanya nini. Zipo kazi zinazoshughulisha mikono na kuiacha akili huru, kama kuosha vyombo, kupiga pasi, kukunja nguo au kutembea njia unayoifahamu, na hizo zinapatana na kitabu vizuri sana. Zipo pia kazi zinazotumia maneno, na hizo hazipatani nacho hata kidogo. Nimejaribu mara nyingi kusikiliza huku nikijibu barua pepe, na kila mara nimejikuta nina barua iliyoandikwa ovyo na sura nzima ya kitabu ambayo siikumbuki. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha watu wazima waliosoma sehemu za kitabu, waliozisikiliza, na waliofanya yote mawili kwa pamoja, na haukuona tofauti ya maana katika kuelewa kwao. Huwa nautaja kwa wale wanaodai kwamba kusikiliza ni kusoma kwa hila, ingawa nakiri kwamba hakuna utafiti utakaomtetea mtu anayesikiliza huku akiandika barua.

Msomaji wa kawaida wa vitabu vya sauti vya Kiingereza husoma takribani maneno 150 kwa dakika, hivyo kitabu cha maneno 90,000 kitakuchukua saa 10 hivi. Ukiongeza kasi hadi mara 1.25 zitakuwa saa 8. Kwa vitabu vya maarifa sioni ubaya wa kufanya hivyo, maana wengi wa wasomaji wa vitabu hivyo hutamka polepole kuliko tunavyozungumza, lakini katika riwaya nimeacha kabisa. Msomaji mzuri hufanya kazi kubwa kwa kunyamaza. Mhusika anaulizwa kama anampenda mtu, anakaa kimya kwa kitambo cha pumzi mbili, ndipo anasema ndiyo, na katika pumzi hizo mbili sisi tunaosikiliza tumeshajua kwamba anadanganya. Ukikimbiza sauti, unachokifupisha kwanza ni zile pumzi.

Kuhusu sauti yenyewe, ushauri wangu ni usinunue kitabu kwa jina la mwandishi peke yake. Karibu kila huduma hukuruhusu kusikia kionjo cha dakika chache, nacho kwa kawaida ni mwanzo wa kitabu, ambapo hata msomaji wa wastani hujitahidi, kwa hiyo ukiweza tafuta kionjo chenye mazungumzo. Sikiliza kama unatambua nani anasema bila kuambiwa, na kama watu wa jinsia nyingine na msomaji wamepewa heshima yao au wamefanywa vikaragosi. Mimi hukisikia kionjo mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefungulia maji ya bomba jikoni, kwa kuwa huko ndiko kitabu kitakakoishi. Sauti nzito yenye kunong'ona, ambayo kimya cha usiku huipamba, humezwa yote na maji.

Tawasifu iliyosomwa na mwandishi mwenyewe ndiyo ninayompa mtu anayeanza, kwa sababu mtu anayesimulia maisha yake hukusamehe ukipitwa na dakika mbili, kama vile mgeni mwenye maneno mengi asivyojali ukienda kuangalia chungu motoni na kurudi. Riwaya za upelelezi hazisamehi, kwani sentensi moja iliyokupita wakati lori linapita inaweza kuwa ndiyo ufunguo. Vitabu vya michoro, majedwali na hesabu nawashauri watu waviache kwenye karatasi.

Vijana nimejifunza habari zao kwa mpwa wangu, mwenye miaka 15 na disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno yaliyoandikwa, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa hapendi vitabu. Nilimtafutia riwaya iliyosimuliwa na mhusika wa rika lake, nikajisifu moyoni, na baada ya dakika kumi akavua vipokea sauti masikioni akaniambia, "Mjomba, huyu anasoma kama mwalimu wa zamu." Nilisikiliza, na kweli, alikuwa mtu wa makamo anayebana sauti ili awe kijana, akitamka maneno ya mtaani kwa uangalifu wa mtu anayeshika kikombe cha wenyewe. Kijana huusikia uongo huo kabla yetu. Tangu hapo namwachia achague sauti mwenyewe, na mara nyingi huchagua vitabu vyenye wasomaji wengi, kila mhusika na mtu wake, ambavyo mimi hunichosha lakini yeye humsaidia kufuata nani ni nani.

Jambo lililombadilisha zaidi lilikuwa kushika kitabu cha karatasi mkononi wakati sauti inasoma, kidole kikifuata mstari. Hatukukiita kitendo hicho msaada wala mazoezi, na naomba wazazi wasikiite hivyo, kwa sababu siku kijana atakapohisi kwamba amewekewa dawa ndani ya hadithi ataitema yote pamoja. Anasikiliza kwa kasi inayonitia kizunguzungu, nami nimenyamaza. Kitu kimoja tu sikukinyamazia: matukio ya ukatili. Msomaji wa karatasi akifika kwenye ukurasa unaomtisha, macho yake huruka mistari na kutua ng'ambo, lakini anayesikiliza huletewa kila neno kwa mwendo wa msomaji, tena na sauti ya mtu anayelia. Kitabu ambacho ningempa akisome bila wasiwasi nimewahi kukisikiliza kwanza mimi mwenyewe na kumwambia, "Sura ya tisa ni nzito, usiisikilize gizani." Hakunishukuru, lakini aliisikiliza mchana.

Kwa watoto wadogo, upungufu wa sikio unageuka kuwa neema, maana mtoto hataki kusonga mbele, anataka kurudia. Binti yangu alipokuwa na miaka minne alisikiliza hadithi moja ya dakika 15 kila siku kwa muda ambao mimi niliuhisi kuwa mwaka mzima. Siku moja umeme ulikatika, simu imezimika, nikachukua kitabu chenyewe na kumsomea kwa mwanga wa tochi. Nilipofika mahali ambapo kobe anaanguka alinishika mkono na kunisimamisha. "Baba, siyo 'akaanguka'. Ni 'a-kaaa-nguka'." Alikuwa sahihi, msomaji wake aliivuta silabi hiyo kila mara, na yeye alikuwa ameipokea kama sehemu ya kobe. Mtoto wa namna hiyo amekwisha kujifunza kwamba maneno yana umbo, kabla hajajua kuandika hata jina lake.

Kwa sababu hiyo mimi ni mkali kwa vitabu vya watoto vilivyojazwa muziki na milio. Mlango ukilia mara moja ni sawa. Lakini upepo unaovuma chini ya kila sentensi, na filimbi inayopigwa kila sungura anapofikiri, vinafunika konsonanti ambazo mtoto bado anajifunza kuzitenganisha. Sauti moja, isiyo na haraka, inayotamka miisho ya maneno, inatosha. Usiongeze kasi, na usiogope kumpa kitabu kilicho juu ya uwezo wake wa kusoma, kwani watoto wengi huelewa kwa masikio hadithi ambazo macho yao yatazifikia baada ya miaka kadhaa. Mpigie kwenye spika chumbani badala ya kumvisha vipokea sauti, ili uwepo anapouliza swali. Na ikibidi avivae, zingatia kwamba kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, wakati cha watu wazima ni 80. Tena hakuna sauti ya kununua inayochukua nafasi ya mapaja ya mzazi. Nasema hivyo nikiwa nimewahi kuitumia mara nyingi jioni ambazo nilikuwa nimechoka, wala sijuti.

Kuhusu gharama sina mengi. LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki zake zimekwisha, vikisomwa na watu wanaojitolea, kwa hiyo utakutana na sauti za dhahabu na sauti za mtu aliye karibu na feni, wakati mwingine ndani ya kitabu kimoja. Maktaba nyingi huazimisha vitabu vya sauti kupitia programu ya Libby. Ukinunua, angalia kama toleo limefupishwa; mimi niliwahi kulipia riwaya nene nikashangaa inaisha baada ya saa 5, na huduma iliyoniuzia ilikuwa imeliandika neno hilo kwa herufi ndogo mahali ambapo macho hayafiki. Sauti za kompyuta nazo zimeboreka, na kwa kitabu cha maelekezo nazivumilia, lakini bado sijasikia hata moja inayojua kunyamaza kwa kitambo cha pumzi mbili.

Mama amekataa kutumia kipima muda cha kuzima sauti usiku. Anasema ukimya ukija ghafla unamwamsha. Kwa hiyo kitabu huendelea kumsomea hadi alfajiri, na asubuhi hunipigia simu kabla sijanywa chai na kuniambia, "Niliishia pale mzee anapoifungua barua." Nami hufungua akaunti yake kwenye simu yangu, nikarudi nyuma sekunde 30 kwa sekunde 30, nikimtafuta mzee na barua yake.