Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Schulenburg Uliyeniuliza

Mwanangu,

Marahaba, na pole na baridi ya huko Berlin. Umeniandikia kwamba kati ya watu walionyongwa gereza la Plötzensee umekuta jina la Fritz-Dietlof Graf von der Schulenburg, kisha ukasoma kuwa alichukua kadi ya chama cha Hitler mwaka 1932, hata kabla Hitler hajashika madaraka. Unauliza tumheshimu au tumdharau. Mama yako aliajiriwa ofisi ya wilaya mpaka kustaafu, kwa hiyo nitaanzia ofisini kwa Schulenburg, maana naye alikuwa Landrat.

Landrat wa Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani ya zamani, alikuwa kama mkuu wetu wa wilaya: polisi, barabara, kodi, vyote vilipita mezani kwake. Kwa vizazi kiti hicho kilikaliwa mara nyingi na makabaila wenye mashamba, na Schulenburg alikuwa wa tabaka hilo. Alizaliwa London mwaka 1902, baba yake akiwa mwambata wa kijeshi pale. Alisomea sheria. Alipokuwa afisa kijana Recklinghausen, kwenye migodi ya makaa ya mawe, walimwita kabaila mwekundu kwa jinsi alivyojali hali ya wafanyakazi. Alitamani serikali ya watumishi waadilifu, wasiokula rushwa, akajiaminisha kwamba Wanazi, yaani chama cha Hitler, ndio wataileta.

Mwaka 1934, baada ya kumtumikia kwa karibu Erich Koch, kiongozi wa chama Prussia Mashariki, akawa Landrat wa Fischhausen, pwani ya Baltiki inakochimbwa kaharabu. (Leo mji huo uko Urusi na unaitwa Primorsk.) Koch alikuwa mla rushwa, na mwishoni mwa 1935 Schulenburg alimwandikia barua ndefu ya kumkosoa. Hapo namheshimu kwa dhati, maana najua kumwandikia mkubwa wako maneno kama hayo kunataka moyo gani. Lakini tazama alichokuwa akikilalamikia: wizi na majivuno ya wakubwa. Alidhani ugonjwa uko kwa watu wabovu waliowekwa juu, chama chenyewe ni kizima. Ofisi yake ikiwa safi, amri zilizopita ndani yake zilikuwa za utawala uleule.

Mwaka 1937 akapelekwa Berlin kuwa naibu mkuu wa polisi, na mwaka 1939 akawa naibu wa mkuu wa jimbo la Silesia. Kuanzia 1938 alikuwa tayari anakutana na wapinzani wa Hitler. Vita ilipokuja akaacha ofisi, akaingia jeshini, akapigana mpaka Urusi. Katika njama ya Julai 20, 1944 ya kumuua Hitler na kuipindua serikali yake, alipangiwa cheo kikubwa katika wizara ya mambo ya ndani. Alikamatwa siku hiyohiyo. Tarehe 10 Agosti, mbele ya hakimu Roland Freisler, alisema hajutii alilotenda na anatumaini mwingine atafanikiwa. Wakamnyonga siku hiyo. Aliacha mke, Charlotte, na watoto sita.

Wako watakaokuambia kwamba mwaka 1932 hakuna aliyeweza kujua. Usikubali. Dada yake Tisa, msanii, alilelewa nyumba ileile na baba yuleyule jenerali. Yeye aliolewa na Myahudi, wakahamia Uingereza Wanazi walipotawala. Baada ya vita akawa mtawa katika mji wa Dorsten, Ujerumani. Kwa hiyo macho ya kuona yalikuwepo hata ndani ya familia yao.

Mimi namheshimu kwa 1944 na namlaumu kwa 1932, na siwezi kuiacha lawama ifutwe na kamba ya Plötzensee. Miaka ile aliyotumikia, cheti chake cha uadilifu kiliwafaa waovu kuliko kilivyowafaa wananchi wa Fischhausen. Ukipata nafasi, tafuta michoro ya Tisa, hasa ya wachimba makaa, uniandikie umeionaje.

Mama yako