Dakika tano na daktari zinatosha?
Umeuliza kama daktari anayekuona kwa dakika tano anaweza kukutibu vizuri. Kwa kidonda kidogo au kuongezewa dawa uliyoizoea, ndiyo. Kwa mtu mwenye kisukari na presha kwa pamoja, hapana, na hili linaniuma sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya takwimu za nchi 67: wastani wa muda wa daktari na mgonjwa ulianzia sekunde 48 Bangladesh hadi dakika 22.5 Uswidi, na nchi 18 zenye karibu nusu ya watu wote duniani zilikuwa na dakika 5 au pungufu.

Muda ukibana, kinachokatwa kwanza ni maelezo ya mgonjwa. Wengi wetu jambo zito hulitaja mwishoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa: "Halafu daktari, nikipanda ngazi kifua kinabana." Daktari mwenye foleni ndefu nje atalisikia kweli? Dakika nyingi peke yake si tiba, maana anaweza kuzimaliza akiangalia kompyuta. Lakini asiye nazo hapati hata nafasi ya kuuliza unatumia dawa gani nyingine. Ukiingia, anza na lile linalokutisha zaidi.