Nipime vipi mitaa itakayoumia zaidi gonjwa likiingia mjini?

SWALI: Shikamoo. Nasoma mipango miji, na utafiti wangu unauliza ni sehemu zipi za Jiji la Arusha zingeumia zaidi likija gonjwa jingine kama UVIKO-19. Kwa kila kata nimechukua viashiria sita (maji, choo, watu kwa chumba, wazee, umeme, vifaa vya nyumbani), nikavigeuza viwe kati ya 0 na 1, nikajumlisha. Kata ya Unga Limited imetoka juu kama nilivyotarajia, ila kata nyingi zimerundikana katikati. Nibadilishe uzito wa viashiria, yaani kila kimoja kihesabiwe kwa kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Uzito uache kwanza. Kosa liko kwenye kujumlisha.

Umechanganya maswali mawili. Virusi vikiingia mtaani, watu wataweza kunawa na kukaa mbalimbali? Na kazi zikisimama, kaya itahimili? Mtaa unaweza kufaulu la kwanza na kufeli la pili. Ukijumlisha, alama zinamezana, mtaa unatulia katikati kana kwamba hauna shida. Watafiti wa Gauteng, Afrika Kusini, walipochora ramani ya namna hii mwaka 2020 walitengeneza fahirisi mbili (yaani alama mbili za jumla, kila moja ikiunganisha viashiria vyake), kila moja na ramani yake. Nawe fanya hivyo.

Kwa Arusha hili lina uzito wa pekee. Mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetangazwa Machi 16, 2020, alikuwa msafiri aliyeshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, siku moja kabla. Baada ya hapo ndege zikakata: watalii wa kimataifa waliokuja Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, na 620,867 mwaka 2020. Sasa mfikirie dereva wa watalii mwenye nyumba ya tofali, bomba uani, choo ndani na runinga sebuleni. Kwa viashiria vyako huyu yuko salama kabisa. Wageni wasipokuja hana safari hata moja, na mpishi wa kambi anayepanga chumba kwake hana kodi ya kumlipa. Kwa hiyo fahirisi ya pili iulize kipato kinatoka wapi, wangapi wanakula kwa mtu mmoja, na nani ana bima ya afya.

Fahirisi ya kwanza nayo ina mtego wake. Kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vinane, bomba ni moja na choo ni kimoja. Foleni ya asubuhi ndiyo msongamano wenyewe. Usihesabu aina ya choo, hesabu kaya zinazokichangia. Kwa virusi hivi, choo cha kuvuta maji cha kaya nane kinanitia wasiwasi kuliko cha shimo cha kaya moja. (Ungeniuliza kuhusu kipindupindu, ningejibu vingine.)

Kurundikana kwenyewe huenda kumetokana na kata moja iliyozidi mno. Tuseme watu kwa chumba ni kati ya 1.2 na 3.2: kata yenye 2.2 iko katikati kabisa, inapata 0.5. Ikitokea kata moja yenye 6.2, ile ya 2.2 inashuka hadi 0.2 na hakuna kilichobadilika humo. Tumia nafasi, yaani ya kwanza, ya pili, ya tatu, badala ya thamani.

Halafu shuka chini ya kata. Jiji lilikuwa na watu 617,631 kwenye sensa ya 2022, na wastani wa kata huficha ghorofa na vibanda vilivyotenganishwa na korongo tu. Fanya kwa mtaa. Hata hapo, alama ni ya mtaa, si ya kaya: ukifika wakati wa kugawa unga wa msaada, muulize balozi wa nyumba kumi.

Uzito uje mwisho. Anza na uzito sawa, kisha uyumbishe mara kadhaa, uone mitaa ipi haitoki kwenye kumi za juu. Hiyo ndiyo ya kuandika kwa kujiamini. Inayoingia na kutoka, itaje pia kwamba inayumba.