Kabla ya Kupanga Safari, Itazame Loleza

Mgeni yeyote anayelala kwangu Isanga, hapa Mbeya, huianza siku uani, kikombe cha chai mkononi, tukiitazama Loleza. Mlima huo umesimama nyuma ya mji wetu upande wa kaskazini, na juu kabisa kuna minara ya mawasiliano. Minara ikionekana vizuri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nasema, "Vaeni viatu, leo tunapanda." Ikiwa imemezwa na wingu, tunamalizia chai taratibu na safari inakuwa ya chini: sokoni, kwenye kimondo, au tunateremka Kyela.

Watu wengi huja Mbeya na ratiba waliyoiandika Dar au Dodoma, Jumamosi hapa, Jumapili pale. Nawaomba muiache. Huku kwetu kuna mvua, ukungu na baridi, na anayevisikiliza hivyo vitatu huona mengi kuliko anayefuata kalenda.

Jambo hili nililijua kwa kumkosesha mtu. Binti wa mama yangu mdogo alikuja Pasaka moja, mvua imekolea, akaniambia hamu yake yote ni Ziwa Ngozi. Nilijua kabisa kwamba Aprili si mwezi wa Ngozi, lakini mgeni ni mgeni, nikaona aibu kumkatalia. Tuliondoka nyumbani saa nne. Tulipomaliza kupanda ilikuwa inakaribia saa nane, na pale ambapo ziwa hulala chini ya miguu yako palikuwa peupe kama maziwa. Tulisubiri, tukatafuna mahindi ya kuchoma yaliyokwisha kupoa, tukasubiri tena. Tukashuka na matope hadi magotini, yeye kimya njia nzima. Alikuwa amekaa kwenye basi zaidi ya kilomita 800. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Baada ya siku ile nikaanza kuwauliza wakulima wa viazi wa Isongole, watu wanaoishi ndani ya ukungu. Maelezo yao yalikuwa yale yale ya darasa la jiografia, ila wao wanayaona kwa macho kila siku. Jua likipanda, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa nayo hupanda, hukutana na Mlima Rungwe na safu ya Uporoto, hupoa, huwa wingu. Ndiyo maana Tukuyu hunyesha karibu mwaka mzima, na chai na migomba imekubali kule. Ndiyo maana pia vilele huwa wazi alfajiri, kisha kuanzia saa tano hivi hujifunika.

Kwa hiyo Ngozi nenda kati ya Juni na Oktoba, na saa kumi na mbili uwe tayari barabarani. Magari ya Tukuyu yako stendi ya Nane Nane. Mwambie konda akushushe njia ya Ngozi, kabla ya Kiwira, wote wanapajua. Ukishuka kwenye lami, panda bodaboda mpaka msitu unapoanzia, usimalize nguvu zako kwenye barabara ya vumbi. Mtafute kijana wa pale kijijini akuongoze, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Si suala la kumpa mtu riziki tu. Ndani ya msitu njia hugawanyika, na ukungu ukishuka ghafla yeye ndiye anayejua ipi inarudi kwa watu.

Sehemu ya mwisho ni kali, unashika mizizi na kuvuta pumzi. Halafu miti inaachia, na ziwa hilo hapo, karibu mita 200 chini yako, la kijani kibichi, limetulia ndani ya bakuli la volkano iliyolala. Urefu wake ni kama kilomita mbili na nusu, na hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Wazee wa Kisafwa na wa Kinyakyusa huliheshimu sana, na utasikia simulizi za mali iliyofichwa humo na Wajerumani. Sikiliza kwa adabu. Kuteremka hadi majini mimi sishauri. Kingo zinateleza, na ukiwa pale juu umeshapata kila ulichofuata. Binti yule wa mama mdogo nilimrudisha Septemba, miaka mitatu baadaye. Tulifika juu kabla ya saa nne. Alikaa kwenye mzizi zaidi ya saa nzima, nami nikamwacha.

Ukishuka mapema, siku bado ni yako. Songa mbele hadi Kiwira ukaone Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliojiunda daraja juu ya mto, na Kijungu, mahali ambapo mto huohuo unajitosa kwenye tundu la jiwe na kuzunguka kama maji ya chungu jikoni. Njia inapita eneo la Magereza, hivyo ripoti getini na uulize kuhusu kupiga picha. Nusu saa kila sehemu inatosha.

Loleza yenyewe wageni wengi huiruka kwa sababu iko karibu mno. Kwangu ndiyo safari bora ya asubuhi moja. Kilele kiko mita 2,656, mji uko kama mita 1,700, na mtembeaji wa kawaida hufika kwa saa tatu hivi. Nendeni watu watatu au zaidi, pamoja na mwenyeji. Simu na fedha nyingi ziachwe nyumbani. Kule juu utauona mji wote ulivyonyooshwa kando ya barabara kuu, kutoka Uyole hadi Iyunga, reli ya TAZARA ikipita nayo, na upande wa kusini-mashariki Rungwe umejitenga peke yake. Wenye miguu huunganisha kwa mgongo wa mlima hadi Kilele cha Mbeya, zaidi ya mita 2,800, lakini hiyo ni siku nzima na mkate wake.

Kwa wazazi na wenye magoti mabaya nina njia nyingine. Pandeni gari barabara ya Chunya, mpite msitu wa kupandwa wa Kawetire. Barabara inapanda, inapanda, mpaka unafika ukingo ambao chini yake bonde la Usangu limetandazwa hadi macho yanachoka. Mama yangu, ambaye hajawahi kupanda mlima kwa starehe maishani, alishuka garini pale na kuniuliza kwa nini nimechelewa miaka yote hiyo kumleta. Njia hiyo ndiyo iliyowapeleka watu kwenye dhahabu ya Lupa miaka ya 1920, na dhahabu hiyo ndiyo iliyouzaa mji huu mwaka 1927.

Sasa asubuhi ambazo minara haionekani. Usikae ndani ukaihuzunikia siku. Nenda Mwanjelwa.

Naipenda Mwanjelwa kwa moyo wote, na nataka uione kama sisi tunavyoiona. Ni nchi nzima ya nyanda za juu iliyomwagwa mahali pamoja: viazi vya Uporoto, maparachichi ya Rungwe, mchele wa Kyela na wa Mbarali, njegere, maharage ya kila rangi. Kama umekuja bila nguo za baridi, na Juni na Julai utazihitaji, anza kwenye mitumba. Koti zito utalipata kwa bei ya chakula cha mchana cha hoteli. Kisha nenda kwenye mchele, na hapo usiwe na haraka. Chukua konzi, uifikiche mkononi, uinuse. Mchele wa Kyela hutoa harufu yake hata ukiwa mbichi. Usiponukia, mshukuru mama na usogee meza inayofuata, hakuna atakayekasirika. Uliza kama bei ni ya kilo au ya sado, kile kindoo cha kupimia, kwa sababu hapo ndipo wageni huchanganya hesabu. Parachichi nunua yaliyo magumu, yatakuivia njiani.

Na salimia. Huku mtu hasemi "bei gani" kabla ya salamu. Ukimwambia mama wa Kinyakyusa "ugonile", utaona uso unavyofunguka, na akikupa nyongeza mwambie "ndaga fijo", asante sana.

Siku ya mawingu inafaa pia kwa kimondo cha Mbozi. Kiko kijiji cha Ndolezi, ambacho tangu 2016 kimo mkoa wa Songwe, lakini kwa gari ni safari ya kwenda na kurudi mchana. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16, sehemu kubwa chuma na kiasi cha nikeli. Wenyeji walikifahamu tangu zamani. Watu wa nje walikuja kuandika habari zake mwaka 1930. Kilikuwa kimezama ardhini, wakachimba kukizunguka ndipo ukubwa wake ukaonekana. Kiguse. Kiganja kinapokaa juu ya chuma kilichotoka mbinguni, hata watoto wakorofi hunyamaza.

Chakula cha mchana nisingependa ule mjini. Nenda Tukuyu, hata kama mvua inanyesha, tena hasa ikinyesha. Mashamba ya chai ya Katumba huwa ya kijani cha kuumiza macho chini ya wingu. Ingia kwa mama lishe yeyote mwenye sufuria inayofuka, uagize ndizi na nyama. Wanyakyusa huziita mbalaga, na wanajua kuzipika hadi mchuzi unakuwa mzito bila kuongezwa kitu. Wakati unakula, ujue kwamba kwenye msitu wa Rungwe ulio mbele yako anaishi kipunji, nyani ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake zamani, na wanasayansi wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005. Kumwona ni bahati kubwa sana. Mimi sijamwona.

Kitulo ndiko pekee ninakokwenda kwa ajili ya mvua yenyewe. Wenyeji huita Bustani ya Mungu, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Maua hutoka kati ya Desemba na Aprili, Februari ikiwa tamu kuliko miezi yote: okidi za aina zaidi ya 40 kwenye majani mafupi, juu ya mita 2,600, upepo ukiyalaza yote upande mmoja. Mizizi ya okidi hizo ilikuwa ikichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya uwanda huo kulindwa. Usichume hata moja. Kupitia Chimala utapanda kona 57 kwenda Matamba. Hakikisha gari lina nguvu na breki zake zimekaguliwa, na kama mvua imenyesha usiku kucha, ahirisha siku moja.

Halafu Matema. Mtu akiniambia ana siku mbili za ziada, namtuma huko bila kuuliza swali la pili. Kutoka Mbeya unashuka zaidi ya mita 1,000, unavua koti Tukuyu, unavua sweta Kyela, na jioni umekaa mchangani ukitazama Milima ya Livingstone ikiingia moja kwa moja ndani ya Ziwa Nyasa. Kula usipa, dagaa wa ziwa hilo, waliokaangwa siku hiyohiyo, na samaki mbasa ukibahatika. Lala ndani ya chandarua bila mjadala, huko chini malaria ipo. Kabla ya kuogelea waulize wavuvi kuhusu mamba. Watakuonyesha mahali salama.

Panga uwepo Jumamosi. Siku hiyo wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kutoka Ikombe kwenye soko la Lyulilo, kwa mitumbwi, vimepangwa na kufunikwa nyasi. Wamefinyanga kwa mikono, kuta nyembamba, na ukigonga kwa kidole vinalia. Nina kimoja cha maharage ambacho kimekaa jikoni kwangu miaka tisa. Ukinunua, kigonge kwanza. Chenye ufa sauti yake hufa haraka. Mwombe aliyekiuza akufungie kwa majani makavu ya mgomba, na kwenye gari la kurudi kishike mapajani mwako, usikubali konda akiweke kwenye buti.