Kombe Zuri Ufukweni Liache Lilipo

Desemba ikifika, Nairobi huhamia pwani, na familia yetu haibaki nyuma. Nina neno kwa wazazi wenzangu. Sisi watu wa bara tunaogopa papa, ambaye pengine hatutamwona maishani, halafu maji yakikupwa tunawaachia watoto waokote makombe mwambani bila kuwaangalia.

Kuna konokono wa baharini wa jamii ya Conus. Kombe lake lina umbo la koni ya aiskrimu, na mengine yana marembo ya kupendeza ajabu. Wa kuogopwa zaidi ni Conus geographus, ambaye Bahari ya Hindi ni kwake. Hula samaki. Mtambaazi kama huyo humpataje samaki? Jino lake ni chusa lenye uwazi ndani, hulifyatua kupitia mrija wa mdomoni likiwa na sumu. Mwaka 2015 watafiti walieleza kuwa sumu yake ina hata insulini, inayoshusha sukari ya samaki mpaka anazubaa.

Diani, mpwa wangu aliinamia kombe moja, mvuvi aliyekuwa karibu akaniita: "Dada, mwambie mtoto asilishike hilo!" Akaligeuza kwa kijiti. Wala halikung'aa; akiwa hai, kombe lake hufunikwa na utando wa kahawia. Baada ya muda mrija mwembamba ukachomoza, ukaanza kukipapasa kile kijiti.

Mrija huo hujipinda, kwa hiyo usidanganywe kwamba ukilishika upande mpana uko salama. Mfukoni ndiyo usiliweke kabisa, maana chusa hupenya nguo. Na usidhani ni tupu kwa sababu limetulia: mchana hujificha mchangani na chini ya matumbawe, usiku ndipo huwinda.

Mtu akichomwa, usingoje maumivu ndipo uamini. Huenda akahisi ganzi tu, kisha aone vitu viwiliviwili, ulimi uwe mzito, mwisho pumzi zikatike. Dawa ya kuua sumu hii haipo. Mlaze, mkono au mguu usisogezwe, ufunge bendeji ya kukaza kiasi kuanzia palipochomwa kwenda juu, mkimbizeni hospitali. Usichanje, usinyonye. Pumzi zikikatika, mpulizieni mdomoni njia nzima bila kukata tamaa, kwani akisaidiwa kupumua mpaka sumu iishe, anaweza kupona.

(Ajabu ni kwamba kutokana na sumu ya ndugu yake, Conus magus, ilipatikana ziconotide, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Watoto wangu walipenda habari hiyo kuliko vitisho vyangu vyote.)

Katika hifadhi za baharini kama Watamu na Kisite, kuokota makombe ni marufuku hata hivyo. Kwingineko, sheria ya nyumbani kwetu ni kutazama tu, na viatu vya mpira miguuni. Na kabla ya kupanda treni pale Syokimau, mpigie mwenye nyumba umuulize hospitali ya karibu yenye chumba cha wagonjwa mahututi ni ipi, uweke namba yake kwenye simu.