"Imeandikwa na C"? Nani kasema?

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, anatunga programu ya kurekodi mizani ya dagaa na sangara mwaloni Kirumba, na anaiandika kwa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Anauliza: "Shikamoo Mwalimu. Kwenye ripoti niandike 'kiolesura kimeandikwa na C' au 'kwa C'? Na kati ya GTK na Qt nichukue ipi?" (Kiolesura ni madirisha na vitufe anavyoviona mtumiaji; GTK na Qt ni maktaba za kuviundia.)

Marahaba. Kwa C, kijana wangu. Kwa!

Kosa hili limenichosha. Barua imeandikwa na kalamu, mtumbwi umechongwa na shoka. Ndivyo watu wanavyosema, na waandishi wanawafuata. Kalamu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, haijawahi kuandika barua. Kitenzi kikiwa cha kutendwa, "na" humtaja mtendaji, "kwa" hutaja kifaa au njia.

Nenda mwaloni usikilize. Mama anapasua sangara, mkono unateleza, anasema: "Nimekatwa na kisu." Yuko sahihi kabisa, maana hakuna mtu aliyemkata, kisu chenyewe ndicho kilichomtenda. Lakini sangara aliye mezani amekatwa kwa kisu, na aliyemkata ni mama. Kisu ni kilekile. Ukiandika "sangara amekatwa na kisu", umemfuta mama pamoja na kazi yake yote ya asubuhi, ukampa sifa chuma. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mazungumzoni mtu akisema "nikatie na kisu hicho", namwachia, mkataji anajulikana. Kwenye ripoti simwachii.

Tena C ni lugha. Hujamsikia mtu akisema kitabu kimeandikwa "na Kiswahili". Basi andika hivi: "GTK ya mwanzo iliandikwa kwa C na Peter Mattis na wenzake." Lugha imepata "kwa", watu wamepata "na", kila mmoja yuko mahali pake.

Kuhusu kuchagua: Qt imeandikwa kwa C++, na ukiichukua utajikuta umehamia lugha hiyo. Ukitaka kubaki na C, chukua GTK, iliyoanza miaka ya 1990 kwa ajili ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Madirisha, vitufe na menyu zote utaziita kwa C ileile unayoijua. Ila angalia toleo. GTK 4 ilitoka Desemba 2020, na mifano mingi ya zamani inaita amri ya gtk_main, ambayo humo haimo tena. Anza na gtk_application_new, kisha g_application_run.